Sabuni Kavu

Miaka thelathini na mmoja nilikagua mizani za watu,
za wauza omena pale Kibuye, za vinu vya unga Ahero,
nikijua kwa kutazama tu bega
kidole kilipojificha chini ya sinia.
Nilipostaafu ikaja barua yenye muhuri:
tembelea gereza, tazama, andika.
Perpetua, mke wangu, alicheka.
"Na huko utapima nini?"
Nikatia mfukoni mizani yangu ya ndoana,
imeota kutu shingoni, ila haijajifunza uongo.

Mara ya kwanza walijua naja.
Uwanja umefagiwa hadi mistari ya ufagio
ikakaa kama matuta ya viazi.
Kuta zilipakwa chokaa usiku;
koti langu jeusi lilizigusa
likatoka shahidi.
Mablanketi yalipangwa juu ya mikeka,
mikunjo ya bohari bado mikali.
Sajini Kemboi, mkarimu, akaniletea chai ya maziwa.
"Kuna malalamiko?" Aliuliza yeye, si mimi,
na watu sitini na wanne wakaitika kama darasa,
"Hakuna, afande!"
Juu ya mlango wa seli pameandikwa: 20.

Nikaomba kuona bafu.
Dirishani palikuwa na sabuni, mche mzima, wa buluu,
herufi za kiwanda zimesimama wima,
hakuna hata moja iliyoonja maji.
Niliisoma pole pole, kama jina kaburini.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga;
hawakusema apone kwa siku ngapi.

Nyuma yangu mtu akakohoa.
Wechuli, mahabusu, miezi kumi na saba
akingoja kesi ya baiskeli.
Hakunitazama. Aliiambia sakafu:
"Mzee, njoo siku ya mvua."

Nikaenda Jumanne, alfajiri, mvua ya Kano
ikiugeuza udongo mweusi kuwa gundi,
harufu ya miwa iliyochomwa imelala barabarani.
Langoni ufunguo ulipotea. Mkubwa hayupo.
Kitabu cha wageni kimelowa.
Nikasimama na barua yangu chini ya mwavuli
hadi ufunguo ukajikumbuka.

Ndani maji yalifika vifundoni.
Watu wima, mgongo kwa mgongo,
wenye homa wameachiwa ukuta.
Ndoo ya haja ilikuwa inaelea.
Mablanketi?
"Bohari."
Sabuni?
"Bohari."
Saa saba nikatundika ugali wa mtu mmoja kwenye ndoana,
mbele ya mpishi, mbele ya Kemboi, mbele ya foleni.
Sindano ikapanda, ikasita,
ikachoka katikati ya safari.
Hakuna aliyenena. Nakijua kimya kile:
ndicho cha mama sokoni anapokumbuka, ghafla,
kila kilo aliyowahi kununua.

Kemboi alinisindikiza. Hakunipeleka langoni,
alinipeleka kwake: chumba cha bati, sufuria tatu zikikinga matone,
binti yake akifanya hesabu juu ya kitanda,
daftari limefunikwa kwa mfuko wa nailoni.
"Na mimi uniandike," akasema.
Nikamwandika.

Mara ya tatu sabuni ilikuwa imelowa.
Imekonda, ina unywele ulionata,
herufi mbili za mwisho ndizo zasomeka.
Nilifurahi hadi nikaona haya,
mtu mzima, na mvi zangu, kufurahia sabuni.
Ugali bado ulipungua, kidogo.
Hicho kidogo nimekiandika kwa gramu.

Nikamuulizia Wechuli.
"Amehamishwa."
Wapi?
Karani akafunua daftari, akalamba kidole, akafunua,
akalamba, akafunua, mpaka kurasa zikaisha.

Ripoti iko mezani, jirani na taa.
Perpetua ameshaniita mara mbili nikalale.
Jina lake nimeliandika, na namba yake, na baiskeli.
Penye neno *kituo* nimeacha wazi,
na chini, penye sahihi yangu, pia.