Chuma Kinatoka Jasho

Baba alinirithisha vitu vitatu:
goti bovu la kushoto, sauna isiyo na mlango,
na bastola ya gurudumu ndani ya soksi ya sufu.
Soksi nzima. Bastola ndiyo iliyoliwa.

Kutu imeota ubavuni mwa mtutu kama ukurutu,
na weusi wa kiwandani umekwisha
pale paliposuguana na ala
miaka thelathini na moja, akilinda mishahara ya mgodi
kutoka benki hadi dirisha la mhasibu,
hatua mia mbili na kumi. Alizihesabu.
Sisi Wafini wa kaskazini mwa Minnesota
hatusemi mengi, lakini kuhesabu tunahesabu.

Ni Machi. Theluji imefika dirishani mwa gereji.
Orrin kasema: si kwenye oveni yangu, Marlys,
mimi hupasha pai humo.
Basi nimeburuta oveni kuukuu ya skuli,
ile niliyowapikia watoto kwa miaka ishirini na sita;
mlango wake haufungi bila kusukumwa na goti.
Goti bovu linatosha.

Nimehakikisha haina risasi. Mara mbili.
Halafu mara ya tatu, kwa ajili ya baba.
Nimeifungua. Kila parafujo na shimo lake
katika kibati cha kuokea keki ndogo.
Springi moja imerukia chini ya mashine ya theluji;
nimeitafuta kwa tochi na kwa matusi ya mama.

Nimepiga mchanga. Nimeosha kwa asetoni.
Nimevaa glavu, maana alama ya kidole kimoja
hutosha kuikataza rangi isishike.
Vipande nimevitundika kwa waya, nikawasha moto
nivipashe kidogo kabla ya kupuliza.

Na chuma kikatoka jasho.

Chuma kikavu, nilichokisugua
hadi kikawa kijivu kama mbingu ya nje,
kikaanza kuchuruza vijitone vya kahawia
kwenye mshono wa fremu, chini ya namba:
mafuta aliyoyatia kila Jumapili, meza ya jikoni,
gazeti limetandazwa, redio ikisoma bei ya madini.
Nimefuta. Nimepasha. Kimetoka tena.
Harufu ya mfuko wa koti lake,
tumbaku, na kitu kama sarafu ulimini.

La kuvunda halina ubani.
Rangi ya kopo haifuniki mafuta;
hufanya vitundu kama uji unaochemka,
kisha humenyuka kwa ukucha.

Kazini hakuwahi kufyatua.
Mara moja tu, nyuma ya nyumba,
kulungu aliyegongwa na lori la magogo, miguu ya nyuma imekufa,
ya mbele bado inataka kwenda.
Usiku ule alisafisha bastola hadi alfajiri.
Nilikuwa ngazini na nguo ya kulalia. Hakuniona,
au aliniona.
Labda mafuta haya ni ya usiku ule.

Saa tano, mara ya nne, Orrin kaleta kahawa,
kasimama mlangoni na mabuti yake.
"Bado anatoka jasho?"
Nikasema: ni kitu, Orrin.
Akasema: mm.

Mara ya tano kimetoka kikavu.
Nimepuliza tabaka tatu nyembamba,
mkono ukianza kutembea kabla rangi haijaanza,
kama kunyunyiza sukari juu ya keki.
Saa moja motoni. Dirisha wazi, baridi ikinitafuna masikio.

Asubuhi imepoa. Nyeusi, haina mng'aro,
nzuri, kama ya mtu mwingine.
Nimeiunganisha, nikazungusha gurudumu kwa kidole gumba.
Limekwenda robo, likakwama.
Rangi imeongeza unene wa unywele,
na unywele unatosha.

Kesho, msasa laini, sehemu ile ile, polepole,
mia mbili na kumi,
kisha nijaribu tena.