Ulanga

Ufa wa kwanza ulikuwa mwembamba kama unywele,
chini ya dirisha la chumba cha mtoto.
Cathal akasema ni baridi tu,
nyumba mpya hujinyoosha viungo kama ng'ombe anayeamka.
Akauziba kwa lipu, akapaka rangi ya maziwa,
tukanywa chai.

Hapa Donegali mvua hainyeshi kutoka juu,
hunyesha kutoka ubavuni.
Machi ufa ukarudi, umeshazaa.
Watoto wake walikimbia hadi pembe ya jiko
wakaandika ukutani jambo
ambalo hakuna kati yetu aliyetaka kulisoma.

Mhandisi alikuja na keekee ndefu.
Akachomoa kipande cha ukuta, kinene kama mhogo,
akakiweka kiganjani mwangu: finya.
Nikafinya.
Kikawa unga,
na ndani ya unga vitu vidogo vilimetameta.
"Ulanga," akasema.
Jina zuri. Ningemzaa binti ningempa.
Kisha akatoa ankara: euro elfu tano
kwa kutuambia tulichokuwa tumekishika mkononi.

Husemwa asiyeziba ufa atajenga ukuta.
Sisi tuliziba.
Tuliziba mara nne,
na ukuta bado tutajenga,
sijui kwa pesa ipi.

Bima walijibu kwa ukurasa mmoja.
Moto, ndiyo. Mafuriko, ndiyo, kwa masharti.
Nyumba kujila yenyewe, hapana.
Benki nayo haina jicho la ukuta, ina jicho la tarehe:
kila tarehe tano mia nane na arobaini huondoka
kimyakimya, kama mgeni asiyeaga.
Mkopo umebakiza miaka kumi na tisa.
Nyumba, alisema mhandisi, labda mitano.
Hesabu hiyo naifanya kiwandani Killybegs
nikiwakata vichwa vibua,
kichwa, mwaka, kichwa, mwaka,
na haijawahi kutoka sawa.
Na tangu mgao wa samaki upunguzwe
siku zangu tano zimekuwa tatu,
kwa hiyo hata vichwa havitoshi.

Aliyetuuzia matofali bado hupita na lori lake.
Hupiga honi. Humwita Cathal kwa jina.
Mwanawe na wetu walibatizwa Jumapili moja,
maji yaleyale.
Cathal huinua mkono.
Sijui angefanya nini kingine na mkono huo.

Jirani yetu Dympna amehamia kwenye karavani, bustanini mwake,
lakini kila alfajiri huingia ndani kuwasha jiko,
kwa sababu marehemu Proinsias alilijenga kwa mikono yake
na jiko likipoa, anasema, atakuwa amekufa mara mbili.
Hupika uji akiwa amevaa kofia ya baiskeli ya mjukuu wake,
ya waridi, yenye masikio ya paka.
Nilicheka nilipomwona. Naye akacheka.
Kisha kipande cha dari kikaanguka kwenye sinki
tukanyamaza wote wawili
kama watu waliosikia wakitajwa.

Odhran ana miaka saba.
Hukusanya vumbi linalong'aa chini ya dirisha lake
katika chupa ya jamu.
Jana aliuliza ikijaa tutaiuza kwa kiasi gani.
Nikamwambia, kula.

Usiku ukuta una sauti,
kama panya anayetafuna sukari bila haraka.
Kikulacho, basi, hakimo nguoni.
Tulikichagua wenyewe, rangi na kina,
tukakilipia kwa awamu,
tukatundika juu yake picha ya harusi.

Saa tisa usiku naamka, upande wa Cathal ni baridi.
Namkuta kwenye korido na nguo za kulalia,
mwiko mkononi, kindoo cha lipu miguuni,
anaziba.
Anajua. Najua kwamba anajua.
Nachukua tochi, nammulikia.

"Kushoto kidogo," ananiambia.
"Hapo. Shikilia hapo."