Wajina

Saa mbili asubuhi duka la dawa likapiga simu.
"Leelo Vaher?"
Ndiye, nikasema.
"Insulini yako imefika tangu Jumatatu."
Nikasema: ndiye, lakini siye.
Mnayemtafuta alikuwa bibi yangu.
Nimerithi jina lake, nyumba yake, birika lake;
sukari sikurithi.
Kimya. Kisha: "Lakini hapa imeandikwa Leelo Vaher."

Nikarudi mezani.
Tartu, mwezi wa pili. Mtaa wa Herne umeganda,
jua linachungulia kama mwenye deni, halikai.
Kwenye kioo, barua ya Ragne wa kampuni ya joto:
"Niit yako inasema programu yetu inajila mkia."

Niit ni uzi, kwa lugha ya hapa.
Urmet aliusokota miaka tisa iliyopita,
akaniachia, akaenda kisiwani kufuga nyuki.
Kazi yake ni kuiuliza kila fanksheni:
wewe unamtegemea nani,
na nani anakutegemea wewe?
Kisha huchora mishale.

Fanksheni za msimbo huu hazina hila.
Ipe tano leo, ipe tano mwakani,
jibu ni lile lile; haina kisirani, haikumbuki ya jana.
Ndiyo maana nilishuku uzi kabla ya nguo.

Mchoro: safisha inaita kadiria,
kadiria inaita jumlisha,
na jumlisha, kwa mshale mwekundu, inaita kadiria.
Mduara. Kuku na yai, na hakuna wa kutangulia.
Lakini bili za Ragne zinatoka kila mwezi,
nyumba mia nne zinapata joto na deni lake.
Mduara wa kweli ungekuwa unazunguka hadi leo.

Nikafuta kumbukumbu za muda. Mshale upo.
Nikabadilisha kompaila, toleo la zamani, toleo jipya. Mshale upo.
Nikamwandikia Urmet;
akajibu kwa picha ya mzinga uliofunikwa theluji.

Basi nikachukua kisu.
Faili la mistari elfu mbili mia tatu, nikalikata nusu,
nusu nikaitupa, nusu nikaipitisha kwenye Niit.
Mshale upo.
Nusu ya nusu.
Upo.
Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa.
Mpaka ikabaki mistari saba,
mifupa mitupu, na mshale juu yake kama inzi.

Mistari saba husomwa kwa kidole.
Jumlisha hufanya hivi na hivi, "ambamo",
na chini ya "ambamo", ndani, chumbani,
kitoto cha fanksheni, mstari mmoja,
kazi yake kukata desimali tu,
nacho kimepewa jina: kadiria.

Aliyekiandika alikosa jina jingine, au alichoka.
Si kosa. Lugha inaruhusu:
wa ndani akiitwa, wa ndani huitika,
wa nje hata hasikii.
Niit ndiyo isiyojua kubisha hodi.
Ilisimama barabarani, ikasikia "kadiria!",
ikaenda kumkamata wa nje.

Nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka,
nikalitazama birika.

Dawa yake: mistari kumi na minne.
Kila jina sasa latembea na ukoo wake,
kadiria bin jumlisha,
asije akashikwa kwa makosa ya wajina.
Mduara ukakatika.
Lakini mishale miwili mingine nayo ikapotea,
miwili ya halali, kutoka safisha,
na bado sijui imekwenda wapi.
Nimeiandika kwenye karatasi ya njano. Kesho.

Kwa Ragne: "Programu yenu haijili mkia.
Uzi ndio uliojifunga fundo. Samahani."

Kisha duka la dawa, kabla hawajafunga.
"Kulikuwa na Leelo wawili," nikasema,
"andikeni na mwaka wa kuzaliwa."
Msichana akauliza: wako upi?
Nikafungua kinywa,
ukatoka wa kwake.