Fomu ya Chipukizi

Mchana napasua korosho ghalani:
sampuli kilo moja, kisu kifupi,
mafuta ya ganda yakinibabua vidole.
Nyeupe huku, zenye madoa kule, zilizooza chini.
Kabla ya adhuhuri nimeshajua shehena nzima ni daraja gani,
na mkulima anayenitazama mdomoni
hana la kunibishia.

Jioni nakaa meza ya alama, uwanja wa Ligula.
Saruji ina ufa unaoanzia mstari wa mitupo huru,
ringi moja ina wavu, ya pili haina,
na kila chipukizi wa msimu ana ukurasa wake daftarini:
pointi, ribaundi, pasi za kufungisha, mipira iliyopotea.
Miaka kumi na mmoja sasa.

Chama cha mkoa kimeniletea tena fomu.
Kisanduku cha mwisho, chini kabisa:
*Je, huyu atakuwa nyota? Weka alama ya vema.*

Nyota njema huonekana asubuhi, walisema wahenga.
Sawa. Lakini wao hawakukaa meza ya alama.
Asubuhi ya Fakihi Nandonde ilikuwa mchana mtupu:
pointi kumi na tisa kila mechi, umri kumi na saba,
ndevu tayari, mabega ya mpakia magunia,
anapita katikati ya wenzake
kama mtu anayeingia jikoni kwa mama yake.
Niliweka vema kwa kalamu nyekundu, nikapiga na mstari.
Msimu wa pili wenzake nao wakaota mabega.
Siku hizi anauza vocha na chaja pale stendi,
ananiita mwalimu, hanidai kitu,
na mimi kila nikipita
nanunua vocha nisiyoihitaji.

Mshamu Chilumba nilimwandikia hapana.
Pointi tatu. Mikono kama makasia.
Sikuandika, maana daftari halina safu yake,
kwamba akikalishwa benchi
wenzake walisahau kusemezana.
Akaenda kusoma Dodoma, wakampa jezi huko.
Juzi namsikia redioni, nahodha,
mtangazaji anamwita Chirumba.
Nikamsahihisha kwa sauti, peke yangu,
muhogo mdomoni.

Wapo pia ambao sikukosea.
Hao hawajanifundisha kitu.

Sasa huyu, Somoe Likunja.
Msimu wa kwanza, wasichana wa Chikongola.
Pointi sita na nusu, mkono wa kushoto bado mgeni.
Ukimsoma kwenye karatasi
ni gunia la daraja la pili, bei ya kunung'unikiwa.
Lakini ile Jumamosi kule Masasi
yule mrefu wa Nachingwea alimpokonya mpira mara saba.
Nilihesabu, ndiyo kazi yangu.
Ya nne watu waliguna.
Ya saba walicheka,
mama mmoja akapaza sauti: mtoeni mtoto wa watu!
Zimebaki sekunde arobaini, tuko nyuma kwa mbili,
Somoe akanyoosha mkono, akauomba mpira.

Akakosa. Ulizunguka ringi, ukafikiri, ukatoka.
Tukafungwa.
Kwenye gari alilala fofofo hadi Mtwara
kama kibarua aliyemaliza ngwe yake.

Korosho ukishaipasua haioti tena.
Ghalani hilo halininyimi usingizi.
Hapa linaninyima, maana fomu nayo ina makali,
na binti mwenyewe bado ni ua la Julai,
salfa haijapulizwa,
na mkorosho huchanua maua chungu nzima
kisha ukaangusha mengi bila kumuuliza mtu.

Katibu anaitaka kesho saa mbili.
Umeme umekatika, namulikia kwa simu,
chaji asilimia tisa.
Kisanduku nimekiacha cheupe.
Pembeni, pasipo na nafasi, nimeandika kwa kubananisha:
*Mpira aliupoteza mara saba.
Mara ya nane aliuomba.*

Ndipo nikaona kalamu niliyoshika
ni ile nyekundu.