Namba Mia Mbili na Kumi na Nne

Daftari la washarika wa Sikonge nalitunza mimi,
mwaka wa ishirini na sita huu.
Mchwa wameonja pembe ya jalada,
na kila mtu humo ana vyumba saba vya kukaa:
Jina. Ubatizo. Kipaimara. Ndoa.
Kutengwa. Kurudishwa. Kifo.

Efraimu Mihayo, mia mbili na kumi na nne.
Nilimwandika mwenyewe kwa wino wa buluu,
maji ya ubatizo yangali yakimchuruzika kwenye kola.
Nilimkata mwenyewe kwa wino mwekundu,
na rula, ili mstari usipinde,
Jumapili ile baraza liliposema
ameonekana usiku kwa mganga kule Ipole,
mwanawe begani, degedege limemkaza shingo.
Mtoto alipona.
Hilo halikuwa na chumba kwenye daftari.

Leo amekuja Kalunde, mjane wake,
moshi wa bani la tumbaku bado umemganda vidoleni.
Maiti iko njiani kutoka Kitete.
Anataka kengele ipigwe.

Baraza limekaa tangu saa nne.
Mwinjilisti Kahema anasema:
Mtoto akisinzia mgongoni, akaachia mikono,
kinachomshika ni mbeleko, si vidole vyake.
Mama Nyamizi, mweka hazina, anatikisa kichwa:
Na akikua, akalifungua fundo mwenyewe, akashuka?
Shamba limekunywa mvua ya msimu mzima
likaota mbigili,
wewe, Mwinjilisti, ungelivuna au ungelichoma?
Mchungaji Sizya anavua miwani,
anaifuta, anaivaa,
anaivua.

Kisha wananigeukia: Katibu, daftari linasemaje?

Daftari halisemi. Nimeliinamia.
Siku ile nilikandamiza kalamu,
mstari ukapenya hadi ukurasa wa pili,
lakini jina halikuzimika;
limesimama kama mtu nyuma ya nondo za dirisha,
uso mzima unaonekana.
Kati ya majina yote ya ukurasa
jicho linamwendea yeye kwanza.

Na kuna jambo sijalitia wino.
Mwaka ule ule, marobota yangu
yaliporudishwa sokoni mara mbili,
mimi nami nilikwenda Ipole.
Kwa mganga yule yule.
Sikubeba mtoto. Nilitaka gredi.
Hakuna aliyeniona, basi mstari wangu ni safi,
buluu mwanzo hadi mwisho,
na Jumapili natembeza kikapu cha sadaka.
Kama wokovu huvuja, wangu ulivuja taratibu,
kama mzinga uliotoboka chini:
asali inadondokea majani,
juu nyuki bado wanavuma.
Na kama hauvuji,
nilikuwa namkata nani kwa rula?

Kalunde hayaulizi hayo.
Anasema, usiku wa mwisho, mpira wa hewa puani,
alimwomba muuguzi kalamu, mkono ukagoma.
Ndipo akamwambia yeye:
Kamwulize Katibu
kama namba yangu kampa mtu.

Namba haitolewi mara mbili.
Ni utaratibu tu, hatukuuweka kwa huruma,
tuliurithi kwa walioanza daftari
nao labda waliogopa kuchanganya hesabu.
Lakini nilipolisema mbele ya baraza,
Hakupewa mtu. Bado ni yake,
sauti ilinikatika katikati
na Mama Nyamizi akatazama sakafu.

Nje gari limezima injini.
Watu wanashusha, hawasemi kwa nguvu.
Mchungaji ameshika miwani mkononi
kama kitu alichookota njiani.

Nimefungua kalamu ya buluu.
Chumba cha sita kitupu, cha saba kinangoja.
Nikaandika tarehe, tarehe peke yake,
na kwa mkono huu unaotetemeka
imeanzia chumba cha sita
ikaishia cha saba.

Sijairekebisha.