Mchanga kwenye Mlenda

Saa kumi na moja alfajiri, Nkuhungu,
nakung'uta vumbi kwenye taa ya duara
kabla sijalikung'uta kwenye mashine.
Naiegemeza simu kwenye kiroba
cha majani makavu kutoka Bahi,
natabasamu: "Habari zenu, familia!"
Familia ni watu elfu arobaini na moja.
Wanaoujua mlango wangu ni wanane,
na mmoja wao ni mwenye nyumba.

Ndahani, mwenzangu wa kampuni, hapatani na kamera.
Hupatana na chekeche.
Hupima, hufunga, huandika daftarini kwa penseli:
pakiti mia mbili na sita,
mifuko midogo imekwisha,
Damari hajarudi.

Damari ni mimi. Nilikuwa hotelini,
jukwaani, kipaza sauti shavuni,
nawaeleza vijana namna ya kuendesha kampuni,
huku kampuni ikinipigia simu mara saba
na simu nimeizima.

Usiniambie kizuri chajiuza.
Waliosema hivyo hawakulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo.
Mlenda wangu ulikaa kimya dukani Majengo
miezi minne, mzuri vilevile,
hadi niliposimama mbele yake nikausemea.
Sura yangu ndiyo iliyolipia mashine,
ikalipia cheti,
ikamlipa hata Ndahani asiyetaka kuiona.

Ila baba mdogo Chiute, mfugaji,
aliniuliza maana ya lile neno
ninalolitaja kila video.
Chapa, nikamwambia. Najenga chapa yangu.
Akacheka mpaka akakohoa.
Chapa aliyoijua yeye ni chuma chekundu
na paja la ndama
na harufu ya manyoya yanayoungua.
"Sasa hiyo yako," akasema,
"anayeungua ni nani?"

Sikumjibu. Nilirekodi kicheko chake.
Kilipata laiki elfu tatu.

Mwezi wa nane upepo wa Dodoma haubishi hodi:
unapita chini ya mlango, unalala kwenye turubai,
unakula nasi.
Wiki ile nilikuwa mubashara kila jioni.
Oda zikamiminika. Ndahani alikuwa msibani Mvumi,
nikachekecha mwenyewe, kwa mkono mmoja;
wa pili ulishika simu.

Kisha mteja mmoja wa Tabata akaandika:
"Dada, sura yako nzuri.
Mlenda wako una mchanga."

Maneno manane.
Semina zote nilizohudhuria, na vyeti vyake ukutani,
hakuna aliyewahi kunifundisha kwa kifupi hivyo.

Wazo la kwanza, nakiri, lilikuwa video:
niombe radhi, nilie kidogo,
mwanga utokee kushoto, upande unaonipendeza.
Nikawasha taa. Nikakaa sawa.
Ndipo nikaziona, mezani, katika mwanga uleule,
punje zikimetameta ndani ya unga wa kijani,
nyingi, zimetulia, kama zilizokuwa zikinisubiri nimalize.

Nikaigeuza taa.
Miaka miwili ilinimulika mimi;
usiku ule ilimulika sinia.
Ndahani akaingia na begi lake la msiba,
akatazama, akakunja mikono ya shati.
Pakiti mia tatu na kumi tukazifungua moja moja.
Hatukusemezana hadi adhana ya kwanza,
ila pale aliposema,
"Sogea, unanizibia mwanga."

Kesho yake niliposti mikono tu,
minne, yenye kijani kwenye kucha.
Watazamaji mia moja na kumi na wawili.
Nilihesabu, ndiyo. Bado nahesabu.

Yule wa Tabata nimempelekea pakiti mpya
kwa basi la saa kumi na mbili.
Nilitaka iende bila picha yangu,
lakini mifuko elfu tano ilishachapwa;
natabasamu pale mbele, sina la kufanya.
Nyuma nimeandika kwa mkono:
umechekechwa mara tatu.