Hali ya Tatu

Rauno aliondoka Kemi na skafu yake na mbwa wake,
akatuachia kiti kinacholalia kushoto
na programu ya kufuatilia kazi za karakana,
aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ambayo hapa gatini
hakuna aliyewahi kuisikia hata ikitajwa.

Programu ilijua hali mbili tu: Wazi. Imefungwa.
Kama mlango.

Lakini rafadha ya meli ya kuvunja barafu
ilikuwa ikingoja pete ya shaba, wiki ya saba sasa,
na pete ilikuwa ikingoja forodha,
na forodha sijui ilikuwa ikingoja nini,
na kila Jumatatu Wazi inawaka kwenye skrini ya ukutani,
meneja anauliza, na Veikko mchomeleaji
anaiva uso kuliko hiyo skrini.

Mimi ni mtunza stoo. Miaka hamsini na mitatu.
Nati naijua kwa uzito wake kiganjani.
Nikasema: nitaongeza hali ya tatu.
Nilisema hivyo kabla sijafungua faili.

Usiku wa kwanza lugha ile ilinitazama kama mama mkwe.
Mabano ndani ya mabano. Mishale.
Nukta mahali ambapo mtu mwenye adabu angeweka koma.
Ina ngeli zake: namba na neno haviketi benchi moja,
ukilazimisha, inakukemea
kama mwalimu aliyesikia mtu akisema "kiti mzuri".
Na ukishakiita kitu tano, ni tano hadi kiama;
ukitaka sita, unda kingine, cha kwanza kiache kilivyo.
Nilidhani ni ukaidi.
Usiku wa kumi nikaanza kudhani ni uaminifu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza,
na mpini nikautafute mwenyewe.

Usiku wa kumi na tisa nikaandika neno moja, Inangoja,
nikabonyeza, nikaenda kuchemsha kahawa.
Niliporudi: makosa arobaini na moja.

Kumbe si makosa. Ni swali,
swali moja, mara arobaini na moja:
umeniambia la kufanya kazi ikiwa wazi,
umeniambia la kufanya ikifungwa,
na inayongoja je?

Kwenye orodha ya asubuhi, na inayongoja je?
Kwenye hesabu ya saa za ziada, na inayongoja je?
Kwenye rangi (hapo nilikaa sana)
nikachagua ile ya barafu ya Aprili,
isiyobeba mtu wala kupitisha boti.

La thelathini na tatu lilinikalisha kitako.
Pale Rauno alijumlisha siku zote,
za kufanya na za kungoja, kapu moja,
akaziita uchelewaji wa fundi.
Kwa jina hilo Veikko alikosa bahasha ya Krismasi
miaka mitatu mfululizo, wala hakuuliza:
mashine haimjui, ataigombeza kwa lipi?
Nilizitenganisha. Mistari sita.
Mikono ilitetemeka; nusu yake ilikuwa kahawa.

Jumatatu, ukuta ukawa na rangi mpya.
Meneja akasoma, akakohoa, akauliza namba ya simu ya forodha.
Veikko hakusema kitu.
Alisukuma birika hadi upande wangu wa meza,
akanigeuzia mpini.

Nimebakiza jambo moja, mstari wa mia mbili na kumi na mbili.
Rauno aliacha ujumbe pale, miaka kumi na miwili iliyopita:
"Hapa pabaya. Nitarudi kuparekebisha."
Ningeweza kuufuta. Sasa nina uwezo huo.
Badala yake nikafungua kazi mpya,
mhusika: Rauno,
hali: Inangoja.